Shujaa wa kike na siri za nyumbani

Wapenzi wa hadithi za upelelezi tunawajua Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nuru, pamoja na uhodari wake, ni msaidizi tu wa Joram. Lakini zipo hadithi ambazo adui hana bastola. Adui huyo ni siri, na anaishi ndani ya nyumba.

Katika Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed alimchora Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba yake, Maksudi, mtu wa heshima nje na wa maovu gizani. Mwenzetu wa Msumbiji, Paulina Chiziane, katika Niketche (2002) alimchora Rami, aliyegundua kwamba mumewe, mkubwa wa polisi, ana wanawake wengine wanne. Rami aliwatafuta mmoja mmoja, akawahimiza waanze biashara ndogo ndogo, na siri ile ikakosa nguvu.

Pwani yetu ina akina Maimuna na Rami wengi. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 5, 2017, hadi yale ya Palma ya Machi 2021 na baada ya hapo, wanawake na wasichana wametekwa. Baadhi yao wamerudi. Wakifika nyumbani huambiwa: "Usiseme ulikokuwa." Mtoto aliyezaliwa porini huitwa yatima wa jamaa.

Sizilaumu familia. Wanaogopa binti atakosa mume, tena wanaogopa kushukiwa kuwa ni watu wa waasi. Lakini sisi walimu ndio tunaoona matokeo. Mlango ukibamizwa na upepo, msichana anaruka. Ukimwuliza swali rahisi, anatazama ukuta.

Sisemi mambo haya yatangazwe sokoni. Nasema kila nyumba imtafutie binti mtu mmoja wa kumsikiliza hadi mwisho bila kumhukumu: bibi, somo wake, au muuguzi. Nanyi mnaovuka Ruvuma na vitenge na mchele, tieni na riwaya mbili tatu ndani ya mzigo. Msichana akisoma habari za Maimuna atajua kwamba hayuko peke yake.

Kumtoa porini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko ndani ya nyumba zetu, na haihitaji askari. Mficha maradhi, kilio humuumbua.