Barafu Juu ya Jua la Gikomba

Gikomba jua linachoma mabati, ndio maana ukiambia wasee ndege inaweza kushikwa na barafu hapa Kenya, wanacheka. Lakini ukipita mita 5,000 hivi, ni chini ya sifuri. Ndani ya wingu kuna matone ya maji ambayo hayajaganda; yakigusa bawa, yanaganda papo hapo. Bawa linapoteza umbo, ndege inakuwa nzito, inaweza kuanguka. Ndege ndogo za kasi kama Pilatus PC-12 za AMREF pale Wilson zina mipira kwa mabawa, inafura na kuvunja barafu. Ikizidi, dawa ni moja: toka kwa hilo wingu. Kwa hivyo rubani akisema tunarudi, abiria tulia. Hii si matatu ati umwambie dere akanyage mafuta.