Safisha Maiki, Usisafishe Mtu

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, msije mkasema nawahubiria.

Mwaka juzi nilimrekodi cucu yangu akiimba wimbo wa zamani wa mavuno, pale nyumbani nje kidogo ya Nanyuki. Maiki ya bei rahisi, laptopu ya kuazima, mabati juu, na ule upepo wa mlima mnaoujua. Katikati ya ubeti wa pili ndege ya jeshi ikapita. Cucu hakusimama, aliendelea tu.

Usiku nikaketi kusafisha. Nikapunguza muungurumo wa ndege, nikapunguza upepo. Hapo ningefunga laptopu nilale. Lakini mkono ulikuwa umeshaonja. Nikafuta kila pumzi yake. Nikafungua programu ya kunyoosha noti, nikaivuta mpaka mwisho. Kisha nikasevu juu ya faili ile ile.

Asubuhi nikamchezea. Akasikiliza wimbo wote, akauliza, "Huyu ni nani?"

"Si ni wewe, cucu."

"Mimi siimbi hivyo."

Miezi michache baadaye akaugua koo, na tangu hapo haimbi. Rekodi ya kwanza haipo tena. Nilichobaki nacho ni mwanamke fulani asiyepumua.

Ndiyo maana nasema, na najua maprodyuza wengine wa mtaa watanipinga: kosa la chombo lirekebishe bila huruma, lakini la mtu, fikiria mara mbili.

Kosa la chombo ni lipi? "P" inayopiga maiki kama kofi: chagua hapo tu, ukate sauti nzito za chini ya Hz 80. Mlio wa "tik" pale ulipounganisha vipande viwili: kata mahali wimbi linapogusa sifuri, halafu vipishanishe kwa milisekunde 10 hivi, kimoja kikififia kingine kikiingia. Mvumo wa friji: Audacity, ambayo ni ya bure, unaichagulia sekunde chache za mvumo mtupu iusome, ndiyo iupunguze kwenye trek nzima. Lakini pole pole. Ukizidisha, mtu anasikika kama anaimba ndani ya maji. Na pumzi? Ishushe desibeli 6, usiifute.

Sisemi Auto-Tune ni dhambi. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi wa kuchambua mawimbi ya mitetemo ardhini kusaidia kutafuta mafuta. Ilitoka 1997, na 1998 Cher akaitumia waziwazi kwenye "Believe", ikawa ladha. Msanii akiitaka, hilo ni chaguo lake. Shida ni prodyuza kumvalisha mtu bila kumuuliza. Huku kwetu ni mbaya zaidi, kwa sababu Gĩkũyũ ni lugha ya toni, na mwimbaji wa mugithi anateleza kati ya noti makusudi. Programu ukiiachia kazi yote, inavuta kila kitu kwenye noti 12 za piano. Utamu wake, yenyewe inauona kosa.

Fikiria Joseph Kamaru, aliyetuacha 2018. Mjukuu wake, msanii anayeitwa KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za guka wake mtandaoni. Ukiondoa mkwaruzo wa santuri, Kamaru anabaki. Ukimnyoosha Kamaru mwenyewe, umebaki na nani?

Mtaniambia redio haitacheza trek yenye makosa. Sawa. Noti ikiwa imekosewa kweli, mwite mwimbaji arudie mstari ule. Ni dakika 5. Atakaa sawa, na atabaki yeye. Kunyoosha kwa programu iwe ya mwisho, tena kwa noti moja moja, na yeye akiwa ameketi hapo kando yako akisikia.

Na kabla hujagusa chochote, kopi faili, uiite "asili", uiweke mahali ambapo hata wewe mwenyewe ukiwa na usingizi huwezi kuifikia kirahisi.

Nyinyi mnaonaje? Ila kabla hujanijibu, nenda kwanza ukakopi ile sauti ya mama yako iliyo kwenye simu.