Dawa fupi, ulinzi mrefu

Toleo hili tumeliweka juu ya maumivu ya mgonjwa aliye mezani kwa ajili ya upasuaji, na ninalifungua kwa hoja ambayo baadhi ya wauguzi wa nusu kaputi wa kusini mwa Maniema hawataipenda: fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, isiingie katika chumba cha upasuaji cha zoni yoyote ya afya, iwe Kasongo, Lusangi au Kabambare, kabla hajapatikana mtu ambaye kazi yake pekee, tangu sindano hadi mgonjwa aamke kabisa, ni kutazama pumzi. Wanaoitetea wanasema ni salama kwa kuwa haikai. Ni kweli kwamba huanza kazi ndani ya dakika moja au mbili, na baada ya nusu saa au saa moja nguvu yake imeshuka, wakati mofini huendelea kwa masaa. Lakini dozi moja ya dawa hii, iliyotengenezwa Ubelgiji na Paul Janssen mwaka 1960, haiwi fupi kwa sababu mwili umeimaliza. Imehama tu kutoka kwenye damu na ubongo kwenda kwenye misuli na mafuta. Operesheni ikirefuka na dozi zikaongezwa, maghala hayo hujaa, na dawa hurudi kwenye damu polepole, mgonjwa akiwa ameshapelekwa wodini na ndugu zake wakidhani usingizi ule ni nafuu. Katika jamii hiyo, remifentanili ndiyo fupi kweli, kwa kuwa vimeng'enya vya damu na tishu huivunja, na dakika chache baada ya kufungwa imekwisha. Ila hiyo inataka pampu ya sindano na umeme usiokatika, na huondoka na utulivu wote: asiyepewa mofini mapema huamkia uchungu mzima wa kidonda.

Faida za fentanili sizikatai. Ampuli ya mililita 2 ina mikrogramu 100 za dawa yenye nguvu inayokaribia mara 100 ya mofini. Kisu kinapopita kwenye ngozi, moyo haukimbii wala presha hairuki. Katika sindano ya mgongo, mikrogramu 10 hadi 25 zikichanganywa na bupivakaini humpunguzia mama anayezalishwa kwa upasuaji ule mvuto mbaya wa tumboni. Sitaki mama wa Kabambare akose hayo. Lakini dawa hiyohiyo hushusha pumzi kutoka 16 kwa dakika hadi 8, kisha 4, na ikisukumwa upesi kwa wingi kifua hukakamaa hata mfuko wa kupumulishia usibonyezeke. Oksimita peke yake haitoshi: mgonjwa anayepewa oksijeni anaweza kuonyesha 98 huku hewa chafu ikimjaa, kwa hiyo jicho libaki kifuani. Naloksoni, dawa inayoipinga fentanili, huokoa, lakini mara nyingi yenyewe huisha kabla ya saa moja na nusu, na pumzi inaweza kushuka tena.

Nitaambiwa kwamba nawanyima maskini kile ambacho matajiri wanacho. Dhuluma ipo, na inaniuma: tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani karibu 300 za dawa za jamii ya afyuni zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata kilo 100 tu. Ila pengo kubwa hapo ni la mofini, na Uganda imeonyesha njia tangu 1993 kwa mofini ya kunywa, kisha ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Wengine wanaogopa uraibu kwa habari za Marekani. Kule kinachoua zaidi ni fentanili ya magendo, si ampuli ya chumba cha upasuaji. Na wanaosema ketamini inatosha wana nusu ya haki. Inaacha pumzi na presha zikisimama, ndiyo maana imebeba upasuaji wa vijijini kwetu, lakini kupandisha presha ni hatari kwa mama mwenye kifafa cha mimba.

Mpangilio ninaoudai si mgeni kwetu: mradi wa afya wa Kasongo, ulioanza 1971, ulijengwa juu ya wauguzi wa vituo waliopewa maelekezo ya wazi na hospitali ya kuwategemeza. Kwa hiyo zoni inayoomba fentanili iandike kwanza nani atakaa kichwani pa mgonjwa, nani atampokea zamu usiku, oksijeni itatoka wapi, naloksoni imewekwa kabati gani, na ni mofini kiasi gani itakayobaki kwa ajili ya usiku ule wa kwanza.