Gari Limenyanyuka, Mama Kashuka

Najua katika ukurasa huu umezoea kukuta habari za wivu, mawifi na simu zinazofungwa kwa namba za siri. Mwezi huu nakupeleka gereji. Tafadhali usifunue ukurasa unaofuata, maana gereji nako kuna mambo ya ndoa, tena mazito.

Si unajua tena mji wetu wa Arusha. Simama Mnara wa Saa alfajiri uhesabu Land Cruiser za watalii zinazoelekea Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Zimesimama juu, tairi nene, mkonga pembeni. Nyingi hutengenezewa bodi zake hapa hapa mjini, na kampuni kama Hanspaul zimejijengea jina kwa kazi hiyo. Kwa kijana wa Arusha, gari lililonyanyuka ndilo gari la kweli. Mengine ni ya kwendea harusini.

Mume wangu naye ni kijana wa Arusha. Mwaka jana alinunua pikapu ya Land Cruiser iliyotumika, ile yenye kiti kimoja kirefu cha mbele. Sikuwa na neno, kwani tuna kashamba kwao huko juu ya Nkoaranga, kwenye miteremko ya Meru, na ndizi haziji mjini kwa miguu. Wiki tatu baadaye nikatoka kazini nikakuta gari limesimama getini kama twiga. "Umeionaje, mama watoto?" Nikasema limependeza. Na kweli lilipendeza, siwezi kusema uongo.

Sikuuliza pesa imetoka wapi. Hilo lilikuwa kosa langu. Kosa lake ni kwamba na yeye hakusema.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda kumchukua mama mkwe. Mgongo ulikuwa ukimsumbua tangu masika, na siku hiyo alikuwa na miadi ya daktari mjini. Kwanza kupanda tu kwenye gari kulichukua dakika kumi. Mama na kitenge chake, gari limepaa, hakuna kibao cha kukanyagia. Ikabidi mwanawe ambebe. Tukaanza kuteremka. Anayezijua njia za Meru baada ya mvua ananielewa: mawe, mifereji iliyochimbwa na maji, udongo mweusi wa volkano uliokauka ukabaki na makunyanzi. Kila jiwe tulilikanyaga kwa uti wa mgongo. Gari halikuwa linayumba, lilikuwa linapiga, kama nyundo.

Hatukufika hata robo ya njia. Mama akamgusa mwanawe begani, akasema taratibu kabisa, "Mwanangu, simamisha. Nitatembea."

Basi tukatembea, mimi nimemshika mkono, hatua moja moja mpaka tulipofika barabara nzuri. Nyuma yetu pikapu ikatufuata tupu, taratibu, taa za tahadhari zinawaka. Watu waliokuwa wanarudi kutoka mashambani walitusalimia wakageuka kuangalia mara mbili. Mume wangu hakusema neno mpaka mjini.

Usiku ndipo nilipouliza. Ikajulikana kwamba springi zile zilinunuliwa kwa ada ya muhula ya mtoto wetu mkubwa. Eti angeirudisha kabla sijagundua. Sitakueleza yote yaliyosemwa chumbani usiku ule. Itoshe kusema kwamba tulilala kila mtu anaangalia ukuta wake, na hali hiyo ilikwenda siku nne.

Siku ya tano alinifuata jikoni akasema, "Twende wote kwa fundi. Safari hii na wewe uulize." Nikavaa viatu.

Hatukurudi kwa yule wa kwanza. Tulielekezwa kwa mzee mmoja maeneo ya Unga Limited, ambaye ameshughulika na magari ya watalii kwa miaka mingi. Tukamwamkia, akaitikia, akatuambia tukae wote wawili kwenye mlango wa nyuma wa pikapu. Tukakaa. Gari halikushuka hata kidogo. Akacheka.

"Baba, hili gari linabeba nini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa?"

Mume wangu akaanza, "Linaweza kubeba..." Mzee akamkatiza. "Sijauliza linaweza nini. Nimeuliza linabeba nini."

Nikajibu mimi. Linanibeba mimi na watoto wawili. Jumamosi linabeba mikungu ya ndizi kwenda soko la Tengeru. Siku moja moja linambeba mama.

"Mmevalishwa springi za gari la watalii," mzee akasema. "Lile lina bodi ndefu ya chuma, paa la kufunguka, friji, tairi mbili za akiba, watu saba na mabegi yao. Uzito huo haushuki, linalala nao na kuamka nao. Ninyi mmechukua miguu ya tembo mkampa mbuzi."

Mpenzi msomaji, pale ndipo nilipopata darasa ambalo nataka na wewe ulipate, hasa kama mwenzako ameanza kukuonyesha picha za magari yaliyonyanyuka. Nitalieleza kwa lugha yangu ya mtu asiye fundi.

Kwanza, springi na shokapu si kitu kimoja. Springi hubeba uzito, na shokapu hutuliza. Gari likipita kwenye jiwe springi inajikunja, kisha inataka kurudi juu kwa nguvu, na kama hakuna wa kuizuia gari litaruka-ruka mpaka mchoke. Shokapu ndiyo inayoiambia "taratibu". Kwa hiyo ukibadilisha springi peke yake ukaacha shokapu za zamani, umeleta bibi harusi bila bwana harusi. Hivi viwili vinachaguliwa pamoja, na bushi zilizochakaa nazo zibadilishwe siku hiyo hiyo.

Pili, kimo na ugumu ni vitu viwili tofauti. Hapa ndipo wengi tunapoibiwa bila kujua. Njia rahisi ya kulifanya gari lisimame juu ni kulipa springi ngumu kuliko uzito wake. Litapanda, ndiyo, lakini kwa sababu springi haijikunji. Springi isiyojikunja hupeleka kila jiwe moja kwa moja kwenye kiti. Watengenezaji makini, mfano Old Man Emu wa Australia, hutoa springi za kimo kinachokaribiana kwa ajili ya mizigo tofauti. Kuna ya gari linalotembea tupu, kuna ya gari lenye mzigo wa wastani wakati wote, na kuna ya mzigo mzito wa kudumu. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "inanyanyua inchi ngapi?" bali "ni ya kilo ngapi?"

Tatu, pima. Usikisie. Kuna mizani za kupimia malori. Pima gari likiwa tupu, kisha lipime likiwa na mzigo wako wa kawaida, siyo ule wa mara moja kwa mwaka wakati wa mavuno. Mbele nako kuna hesabu yake. Bampa la chuma na winchi ni uzito unaokaa puani kila siku, na usipokuwa navyo usiwekewe springi za mbele za mwenye navyo.

Nne, jua gari lako lina miguu gani. Pikapu za Land Cruiser zilizotoka tangu 1999 zina springi za duara mbele na za bapa nyuma, yaani vile vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Zilizotangulia zilikuwa na za bapa mbele na nyuma, kwa hiyo zina ugumu wake wa kuzaliwa. Kwenye zile za bapa, vyuma vingi vyembamba kwa kawaida hutembea kwa ulaini kuliko vichache vinene. Na ule mtindo wa kuongeza chuma kimoja kinene "ili lipande kidogo" ndio uliomshusha mama yetu.

Tano, usipite kiasi. Sentimita 5, yaani inchi 2, zinamtosha mtu wa Meru. Ukizidi hapo, pembe za propela zinabadilika, mipira ya breki inavutika, usukani unaanza kuelea kwa sababu pembe za magurudumu ya mbele zimehama, na gari lenyewe linakuwa jepesi kupinduka kwenye njia za ubavuni mwa mlima. Kila ukizidisha, kuna kifaa kingine cha kurekebisha na pesa nyingine ya kutoa. Kingine ambacho sikukijua: springi hunyanyua bodi, hazinyanyui difu. Difu liko kwenye ekseli, na linapanda kwa tairi kubwa tu. Kwa hiyo anayenyanyua gari ili difu lisigonge mawe, ajue amelipia kitu kingine.

Sita, kabla hujatoa shilingi, angalia upepo. Tairi ngumu za mizigo zilizojazwa kwa ajili ya tani moja, halafu gari likatembea tupu, zinagonga kama mawe. Fuata maelezo yaliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, tofautisha upepo wa gari tupu na wa gari lenye mzigo. Wengine wakifanya hivyo tu wanaona nafuu, na ada ya mtoto inabaki benki.

Basi tulifanyaje? Springi za nyuma zilitolewa, tukaweka za mzigo wa wastani. Za mbele tukaweka za gari lisilo na bampa la chuma, pamoja na shokapu zinazoendana nazo. Gari limebaki juu ya lilivyokuwa kiwandani kwa sentimita 5, kwa hiyo mume wangu bado ana cha kupigia picha. Zile za kwanza tulimuuzia bwana mmoja anayesomba mawe ya ujenzi, kwa hasara ambayo sitaitaja hapa. Mimi niliomba kitu kimoja tu, kibao cha kupandia upande wa abiria. Fundi alikichomelea jioni hiyo hiyo.

Na ada? Ililipwa kwa kuchelewa, baada ya mume wangu kwenda mwenyewe shuleni kuomba muda. Sasa tuna utaratibu mpya nyumbani. Kitu chochote kinachofungwa kwenye gari kwa zaidi ya pesa ya matumizi ya wiki kinajadiliwa kwanza na wanaokaa ndani ya gari hilo. Naye akaniwekea sharti lake: nami niulize mapema, nisingoje mpaka mambo yaharibike ndipo niulize kwa hasira. Nikakubali, maana ana haki.

Kaka yangu unayesoma hapa, sikukatazi kunyanyua gari. Mlima wetu una njia zinazodai hivyo, na mwanaume ana haki ya kupenda gari lake. Ila siku ya majaribio usiende na washkaji peke yao, watakusifu tu. Mweke mkeo kwenye kiti cha abiria, umpitishe kwenye njia mbaya kuliko zote unayoijua, kisha mwulize mgongo wake unasemaje. Na wewe dada, usiseme "mambo ya magari siyajui". Mzigo unaujua, kwa sababu mara nyingi mzigo ni wewe na watoto.

Mwezi uliopita tulikwenda tena kumchukua mama. Alikanyaga kibao, akapanda mwenyewe, akapanga kitenge chake vizuri. Mume wangu akawa anaendesha huku anamtazama kwa jicho la pembeni kila tukipita jiwe. Nilisubiri aseme chochote, iwe sifa au lawama. Hakusema. Tulipokaribia Tengeru nikageuka kumwangalia.

Alikuwa amelala.

Tukutane mwezi ujao.