Jaji Kiwanuka akumbukwe pia kama baba

Mhariri,

Kila Septemba 21 hunijia jina la Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa kwanza mzalendo wa Uganda. Siku hiyo, mwaka 1972, askari wa Idi Amin walimkamata mchana kweupe katika Mahakama Kuu, Kampala. Muda mfupi kabla, alikuwa ameamuru Mwingereza aliyezuiliwa na jeshi aachiliwe.

Wanasheria humsifu kwa ujasiri wake, nao wana haki. Lakini nyumbani alikuwa mume na baba. Baada ya kuuawa kwake, mkewe na watoto hawakupewa hata mwili wa kuzika.

Naomba wahadhiri wa sheria wawafundishe wanafunzi hukumu yake pamoja na gharama ambayo familia hiyo ililipa.

Msomaji wako,
Bukoba