Na kalamu ya Chunya nayo ionyeshe stashahada?

DUARA likititia huku kwetu Chunya na watu wakabaki chini, usidhani wa kwanza kufika ni mheshimiwa au kamera ya televisheni. Anafika kijana mmoja mwenye daftari mfukoni na simu ya kioo kilichopasuka, kapakiwa mshikaki kwenye bodaboda kutoka Makongolosi. Anahesabu waliotolewa, anauliza majina, anasikiliza wachimbaji wakimlaani mwenye duara. Kisha anatafuta mahali penye mtandao, anatuma Dar es Salaam. Kesho yake nchi nzima inasoma, na juu ya habari ile imeandikwa "Na Mwandishi Wetu". Jina lake halimo.

Ndugu msomaji, kijana huyo, kama hana stashahada, sheria inamwita mvunja sheria.

Sitanii. Sheria ya Huduma za Habari, Namba 12 ya mwaka 2016, inasema huwezi kufanya kazi ya uandishi bila ithibati. Kanuni zake za Februari 2017 zikataja kiwango: stashahada ya uandishi wa habari. Wasio nayo wakapewa miaka mitano wakaitafute, kana kwamba inaokotwa njiani kama kuni. Mwaka 2023 Bunge likaigusa sheria hiyo hapa na pale, ithibati ikaachwa palepale. Septemba 2024 ikaundwa Bodi ya Ithibati, na vitambulisho vikaanza kutolewa.

Mimi ni mmoja wa hao vijana. Nilimaliza kidato cha nne, chuo kikanishinda kwa ada. Nalipwa kwa stori iliyotoka. Ambayo haikutoka, nauli na vocha ni hasara yangu. Na hata iliyotoka, malipo huja kwa mwendo wa konokono. Kuna mhariri mmoja (gazeti lake silitaji) aliyeniambia nivumilie kwa sababu jina langu "linajengwa". Jina gani, bwana mkubwa, wakati unaandika Mwandishi Wetu? Huyu ndiye anayetakiwa aache kazi, aende mjini akalipe ada ya chuo, halafu arudi kuandika juu ya zebaki ya wachimbaji wa Matundasi.

Nawasikia vijiweni wakiuliza: mbona daktari anasomea? Swali zuri. Daktari anapasua tumbo la mtu. Mimi nasema nilichoona, na Katiba ya nchi hii, Ibara ya 18, imempa kila mtu haki ya kutoa maoni, kutafuta habari na kuzitoa. Imesema kila mtu. Haikusema kila mwenye cheti. Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ilishasema, tarehe 28 Machi 2019, kwamba vifungu vingi vya sheria hii, vya ithibati vikiwemo, vinakiuka mkataba wa Jumuiya ambao Tanzania yenyewe imetia saini. Bodi ikaundwa hata hivyo.

Tungekuwa na sheria hii zamani, tungekuwa na magazeti gani? Kwetu, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1937, lilianzishwa na Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyekuwa na duka. Muuza duka! Sauti ya TANU ilikuwa mikononi mwa Julius Nyerere, mwalimu wa shule. Mwaka 1958 Mwingereza alimfikisha mahakamani kwa alichoandika humo juu ya mabwana shauri wawili, akapigwa faini ya shilingi 3,000. Angalau mkoloni alimshitaki kwa alichoandika, hakumdai stashahada ya uandishi. Leo wanaojiita watoto wa Mwalimu wametunga sheria ambayo ingemzuia Mwalimu.

Watasema nia ni kuinua ubora. Hilo ni changa la macho. Sikatai kwamba kati yetu wapo makanjanja. Nawajua wanaohudhuria semina kwa ajili ya bahasha na kuondoka kabla ya hotuba kwisha. Lakini bahasha haichagui elimu, na wenye stashahada nao wana mifuko. Tena tuulizane: MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalifungwa kwa waandishi wake kukosa vyeti? Mawio lilifungiwa Juni 2017, miezi 24, kwa sababu liliweka picha za marais wastaafu Mkapa na Kikwete kwenye habari ya mikataba ya madini. Madini, msomaji! Sisi tunaoishi juu ya dhahabu iliyoanza kuchimbwa Lupa tangu enzi za mkoloni, habari ya mikataba ndiyo tulikuwa tunaihitaji kuliko nyingine zote. Tarehe 10 Februari 2022 waziri wa habari, Nape Nnauye, aliyarudishia magazeti hayo manne leseni, watu wakapiga makofi. Mimi nilijiuliza, aliyerudisha kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameufunga na nini? Leseni bado ni ya serikali.

Na sasa wanataka mkono uleule umfikie mwandishi mmoja mmoja. Kufungia gazeti kuna kelele, mabalozi wanatoa matamko. Kumnyima kitambulisho kijana wa Chunya hakuna atakayejua, maana habari za Chunya anaandika yeye.

Wenye mji wasahaulifu. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, Chadema walikuwa wakifungua tawi. Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa, alikuwa kazini. Akauawa kwa bomu la machozi lililolipuliwa mwilini mwake, askari wamemzunguka. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016. Bomu lile halikusoma vyeti. Sisi wa mikoani ndio tunaosimama pale linaporushwa, halafu mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi anatuuliza tumesoma wapi.

Bodi ikitaka kunipima, isiniite Dar es Salaam, nauli sina. Waje wenyewe, lami ya Mbeya hadi huku ni kilomita 70 na ushei tu. Nitawapeleka kwenye maduara kwa bodaboda, niwape daftari na kalamu, jioni tusome nani kaandika nini.