Kwotabeki Anaweza Kuwa na Walimu Wawili

Mechi ya nusu fainali iliyochezwa Atlanta tarehe 28 Desemba 2019 ndiyo ninayoirejea kila ninapobishana na wenzangu kuhusu malezi ya kwotabeki katika futiboli ya vyuo vya Marekani. Upande mmoja alikuwepo Joe Burrow wa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Upande wa pili Jalen Hurts wa Oklahoma. LSU walishinda 63 kwa 28. Burrow alitupa pasi saba za tachidauni, yaani za kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, kabla hata ya mapumziko.

Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza. Ana sekunde mbili au tatu za kuamua amkabidhi nani, amtupie nani, au akimbie nao mwenyewe. Mpango wa shambulizi huagizwa na kocha, na mara nyingi anayeagiza siku ya mechi siye anayemrekebisha kijana miguu na mkono katikati ya wiki. Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaoamini kwamba kwotabeki lazima awe chini ya kocha mmoja tu, na ukiwapinga wanakujibu kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi sikubaliani nao, na Burrow ndiye shahidi wangu wa kwanza.

Msimu wa 2018, wake wa kwanza LSU baada ya kukosa namba Ohio State, Burrow alitupa tachidauni 16. Msimu uliofuata alitupa 60, wapinzani wakadaka pasi zake mara sita tu, na zaidi ya robo tatu ya pasi zake zilifika. Timu ilicheza mechi 15 na kushinda zote. Mratibu wa mashambulizi, Steve Ensminger, alikuwa yuleyule wa mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni kwamba kocha mkuu Ed Orgeron alimleta Joe Brady, kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka 30, kutoka timu ya kulipwa ya New Orleans Saints, awe mratibu wa pasi. Brady alikuja na mbinu za kuwatawanya washambuliaji uwanja mzima ili kwotabeki aone haraka nani yuko huru. Ensminger aliendelea kuagiza.

Ninamheshimu sana Ensminger kwa jambo hili. Alikuwa amevuka miaka 60, cheo ni chake, na anakuja kijana wa umri wa mwanawe kumfundishia timu yake mbinu mpya. Angeweza kununa. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa kwotabeki wa LSU miaka ya 1970, akigawana nafasi na David Woodley, kwa hiyo kushirikiana kazi hakukuwa kitu kigeni kwake. Mwisho wa mwaka, tuzo ya Broyles ya kocha msaidizi bora wa nchi ilikwenda kwa Brady. Na siku ile ya Atlanta, Ensminger alipata habari kabla ya mechi kwamba mke wa mwanawe amefariki katika ajali ya ndege. Alibaki kwenye chumba cha makocha akafanya kazi yake mpaka mwisho.

Ni kweli Burrow alikuwa na Ja'Marr Chase na Justin Jefferson wa kuwatupia mpira, na safu ya mbele iliyoshinda tuzo ya safu bora nchini. Baba yake pia alikuwa kocha. Lakini Jefferson na Chase walikuwepo 2018 pia.

Sasa mtazame Hurts. Alipoingia Alabama mwaka 2016, aliyeagiza mashambulizi alikuwa Lane Kiffin, ambaye aliondoka siku chache kabla ya fainali na nafasi yake ikachukuliwa na Steve Sarkisian. Mwaka 2017 akaja Brian Daboll. Mwaka 2018, Mike Locksley. Mwaka 2019 Hurts akahamia Oklahoma kwa Lincoln Riley. Karibu kila msimu alikuwa na bwana mmoja wa kumsikiliza kwa wakati mmoja, kama wanavyotaka wenzangu, na kila msimu aliyoyazoea yalibadilishwa. Kwamba hata hivyo alifika nusu fainali ile ya Atlanta ni sifa yake mwenyewe.

Wenzangu hunijibu kwa Riley, na jibu lao lina uzito. Riley alikuwa kocha mkuu na muagizaji kwa pamoja, na makwotabeki wake Baker Mayfield na Kyler Murray walishinda Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mfululizo, 2017 na 2018. Lakini alipohamia chuo cha USC mwishoni mwa 2021 aliondoka na mfumo wote kichwani mwake. Kwotabeki wake, Caleb Williams, alimfuata na akashinda Heisman huko. Si kila kijana anaweza kumfuata kocha wake.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafundisha hisabati katika shule ya sekondari Houston, na Jumamosi huikatia timu ya shule video za mechi. Tuna kwotabeki kutoka familia ya Kikongo, mtoto msikivu kuliko wote niliowafundisha. Msimu uliopita nilianza kuona kwenye picha kitu kisichonipendeza: miguu iko tayari kutupa, macho bado yanatangatanga. Nusu sekunde inapotea, anaangushwa. Nilimuuliza. Akaniambia, "Mwalimu, mmoja ananiambia nianze kumtazama aliye mbali, mwingine nianze na wa karibu. Nimsikilize nani?" Makocha wote wawili walikuwa sahihi, kila njia ina timu zinazoitumia. Walichokosa ni kukaa meza moja wakakubaliana kabla ya kumfikia mtoto. Walipokaa, wakachagua njia moja, macho yalitulia.

Jambo hili sasa ni kubwa kuliko shule yetu. Mpaka 2024, sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu kocha mkuu na wasaidizi kumi tu kufundisha mbinu uwanjani. Sheria hiyo imelegezwa, na wachambuzi waliokuwa wakikaa nyuma ya video wanaweza kumfundisha mchezaji mazoezini. Chuo chenye fedha kinaweza kumzungushia kwotabeki mmoja watu wanne au watano, kila mmoja na maneno yake. Mwaka huohuo vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa kuweka redio ndani ya kofia ya mchezaji mmoja uwanjani, nayo hukatika saa ya kuhesabu muda wa kuanzisha shambulizi inapobakiza sekunde 15. Walioitunga sheria hiyo walijua kwamba wakati wa mechi kichwa cha kijana kina nafasi ya agizo moja, kisha aachwe afikiri. Natamani vyuo vingetumia busara hiyohiyo Jumanne na Jumatano.

Makocha wa vyuo wameanza kumtembelea kijana wetu nyumbani. Huja na picha za uwanja, za mabweni, za vyumba vya kubadilishia nguo. Mama yake aliniomba nimwandikie maswali kwa Kiswahili ayashike kabla wageni hawajaketi. Nimemwandikia aulize nani atamfundisha miguu, nani ataagiza siku ya mechi, na wawili hao wakitofautiana neno la nani linasimama. Nimemwambia pia aombe kukutana na wote wawili kwa pamoja, chumba kimoja, asikubali kuelezewa kazi ya mmoja na mwenzake. Na aulize mmoja wao akichukuliwa na timu nyingine Januari, mwanawe ataamka na kitabu kilekile cha mbinu au ataanza upya.